Neno la Idarus

Kibokoni, Mombasa
Machi 1943

Kwa Mjomba Faraj,

Asalam aleikum, nakubusu mikono. Mama hajambo, ila mvua bado.

Idarus, yule msomi uliyeniozesha, aliandika barua ya Kizungu kuombea unga wa mgao nyumba zote za mtaa wetu. Neno "universal", lenye maana ya wote, aliliona la kawaida mno. Akafukua kamusi kuukuu akatoa "versal", neno lilelile lililokatwa kichwa, ambalo Waingereza walilisema zamani kisha wakaliacha likafa. Karani akadhani ni kosa, akaliandika "several", yaani baadhi. Nyumba sita zikapata unga, ishirini zikakosa.

Idarus hakurudi ofisini. Alikaa barazani siku tatu akiwasomea wenye njaa historia ya neno lake. Aliyekwenda ni jirani yetu Bi Mwanakuu, asiyejua Kizungu hata kidogo. Alimwambia bwana mkubwa, "Sote tuna njaa," na jana unga ukaja.

Mimi sasa niko kwa Mama. Nimemtaka Idarus talaka yangu. Aliniuliza aiandikeje, nikamwambia aiandike kwa Kiswahili.

Mpwa wako,
Afaf