Anayenijua kwa Miaka Miwili

Bjørkelia 14,
Bergen, Norwe.
6 Mei 2019

Mpendwa Mama Mdogo Loretta,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa nyumbani Burin. Mgongo unaendeleaje? Kwenye simu ulisema umepata nafuu, lakini nakujua, hata ukivunjika mguu utasema umejikwaa tu. Na mama je, usiku analala? Baba mdogo Gus bado anagombana na ile mashine yake ya theluji? Mimi ni mzima, isipokuwa roho inanisuta, ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu ningebadilisha mazungumzo, kama kawaida yangu.

Kila uliponiuliza nakuja lini, nilisingizia kazi. Kumbe pasipoti ilikwisha muda siku nyingi, ikalala kwenye droo, nami nikaiacha ilale. Ilikuwa rahisi kuwa mtu asiyeweza kusafiri. Wewe ulikuwa unamwogesha mama, na mimi nilikuwa natuma kadi za Krismasi. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Uliponieleza kwamba mama ameanza kukuita kwa jina la bibi, nilikimbilia fomu za pasipoti. Ubalozi wetu wa Kanada ukasema kwa jinsi nilivyochelewa lazima nianze upya, na niwe na mdhamini: daktari, mwanasheria au mtu wa namna hiyo, anayeishi hukuhuku, aliyenijua kwa miaka miwili, na atakayeandika nyuma ya picha kwamba huyu ndiye mimi. Nikaona ni jambo dogo. Miaka minane Bergen, nitakosaje mtu?

Nilikosa. Daktari wangu wa meno alinitazama kwa huruma akasema, "Meno yako nayajua vizuri, Filomena. Wewe mwenyewe sikujui." Nilicheka hadi mlangoni. Nilipofika kituo cha treni nilikuwa sicheki tena.

Basi nikabisha hodi kwa jirani, Daktari Ragnhild Tveit, ambaye tumeishi ukuta kwa ukuta tangu nihamie mtaa huu. Watu wa huku hawatii saini uongo hata wa kumfurahisha mtu. Akasema miaka inatosha kabisa, ila kupakana na mtu si kumjua, maana kila mwaka kwenye ujima wa kusafisha uwanja mimi huwa na udhuru. Akaniambia nije Jumamosi na reki, halafu tutaona.

Nikaenda. Tulikusanya majani yaliyooza asubuhi nzima, tukala soseji, na majirani wakanitania kwamba kumbe nyumba ya mwisho inakaa mtu, wao walidhani ni stoo. Ragnhild akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia mama anapoteza kumbukumbu. Akauliza siku hizi anapenda kula nini, bado anaimba, jioni anaogopa nini. Mama mdogo, sikujua hata moja. Kila swali nilijibu kwamba wewe ndiye unayejua.

Akafuta mikono kwenye suruali. "Lete hizo picha," akasema. "Wewe sasa nakujua kidogo. Huyo mama yako mdogo ndiye ninayemjua zaidi."

Pasipoti ilifika Ijumaa. Nimeshakata tiketi, nitafika mwanzoni mwa Juni, na nitakaa majira yote ya joto ili wewe upumzike. Usikatae. Sijui kumwogesha mtu mzima, itabidi unifundishe, na unigombeze upendavyo.

Nisalimie baba mdogo Gus, binamu Clarice na wanawe, na Bi Hounsell wa ng'ambo ya barabara anayewaletea mkate. Mungu akutunze na akurudishie wema wako kwa namna ambayo mimi sijaweza.

Nina ombi moja tu. Daktari wa Kinorwe ameandika nyuma ya picha kwamba huyu ndiye mimi, na serikali imemwamini. Mama sijui kama ataamini. Siku nitakaposimama mlangoni, tafadhali simama karibu nami. Akiuliza huyu ni nani, mwambie unanijua.

Mwanao akupendaye,
Filomena