Hakuna Aliyekukosea

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa kifungua mimba wangu,

Pole na kazi ya kupiga pasi nguo za watu. U hali gani? Umekula? Usingizi unakuja? Baba yako hajambo, mgongo tu unamkumbusha umri. Bibi yako hajambo, anauliza kama huko kuna baridi, na hangoji jibu. Mdogo wako na mumewe hawajambo. Ndugu yako Bosi hajambo, anatengeneza mafriji ya mtaa mzima na letu haligandishi hata maji. Paka naye mzima.

Mimi pia ni mzima, ila nina hasira, ndiyo maana naandika. Kwenye simu nikianza kulia unanibembeleza wewe, mgonjwa anageuka muuguzi. Karatasi haina kwikwi.

Mwanangu, sasa nimejua kwa nini shemeji yako alikupigia kukuomba radhi. Ulipomwambia shangazi yako kwamba daktari amesema una sonona, yeye akasikia umesononeka. Na kwa akili yake, mtu akisononeka yupo aliyemsononesha. Akaitisha kikao sebuleni kwake, mimi niko sokoni natafuta vifungo. Wakachambua nani kakukosea, wakafika kwenye harusi ya mdogo wako, pale shemeji alipotania kwamba unacheza kama mtu anayetafuta kiatu. Kesi ikaishia hapo. Maskini shemeji akashikishwa simu.

Hilo ningelicheka. Lililonichoma ni la pili. Mdogo wako kaniambia kwamba baada ya radhi ile shangazi alikwambia umeshaombwa msamaha, sasa ugonjwa gani tena, tupa hivyo vidonge, jikaze. Nawe ukavifungia kwenye droo, na kwa daktari huendi.

Nilimfuata shangazi yako. Nilivaa viatu visivyofanana, nikagundua njiani, sikurudi. Nikamkuta anameza dawa zake za presha kwa chai.

"Wifi, hiyo presha nani alikukosea?"

"Nani anikosee? Presha ni ugonjwa."

"Basi tuitishe kikao tumtafute. Akishakuomba radhi, uvitupe hivyo vidonge."

"Wewe na huo ulimi wako."

"Nimeuazima kwako, wifi."

Tangu siku hiyo hanisemeshi. Ila kamuuliza Bosi pembeni, kwani yule mtoto anaumwa kweli? Namwacha, limwingie taratibu.

Shule yangu unaijua ilipoishia, sitakudanganya kwamba naujua ugonjwa huu. Nilimuuliza muuguzi wa zahanati. Alisema unaweza kuondoka na kurudi, kama pumu, wala si uvivu, si kudeka, si kukosa sala. Akasema dawa haiachwi bila daktari kujua. Kwa hiyo nenda kwake, mwambie umeacha lini na kwa nini, mtaje na shangazi ukipenda. Kama dawa zinakuchosha, mwambie na hilo. Usimwonee haya. Mtu haoni haya kupeleka nguo iliyochanika kwa fundi.

Neno jikaze nimelipiga marufuku humu ndani. Juzi Bosi alimwambia bibi yako ajikaze apande ngazi. Bibi akamjibu, "Shauri yako, mama yako anasikia."

Siku usipoweza kuinuka kitandani, usiinuke kwa ajili yetu. Usiandike, usijieleze. Nibipu tu. Sitapiga kukuhoji, nitajua upo, nitaendelea kushona. Ukibipu mara mbili nitapiga, na nitanyamaza nawe mpaka salio liishe. Ukibipu mara tatu nafunika cherehani, napanda basi. Wateja watavaa walizonazo.

Baba yako, bibi, Bosi na mdogo wako wanakusalimu sana. Shemeji naye anakusalimu, anasema radhi ile uiweke akiba, kosa halitakosekana. Mungu akufunike kuliko blanketi nililokushonea.

Barua hii ikikufika, usingoje hata kuikunja. Fungua droo, panga safari ya daktari, kisha nibipu upesi. Simu nimeiweka juu ya cherehani, karibu na sindano, na kila nikikanyaga pedali nasimama kusikiliza.

Nikupendaye bila kikao,
Mama yako.