Majembe ya Esperansi

Jumapili, 4 Agosti 2013
Ibada ndefu leo. Mchungaji hakujua pa kuishia. Nimerudi na njaa, nimekuta Esperansi amepika maharage bila chumvi tena. Mkaza mwana huyu ana mkono wa kusahau. Nimemwambia. Amecheka, ameongeza, yakawa chumvi tupu. Tumekula hivyo hivyo. Mjukuu wangu Neema kaonja mchuzi kwenye kidole changu, akakunja uso na vijino vyake viwili.

Redio imetangaza tena. Wahamiaji wasio na vibali waondoke wenyewe kabla operesheni haijaanza. Esperansi alinyanyuka akaenda kuanua muhogo ambao haujakauka. Mwanangu Festo akazima redio.

Esperansi amezaliwa kambini Mtabila. Mwaka jana kambi ilipofungwa, wazazi wake walipandishwa lori kurudishwa Burundi. Yeye alikuwa na mimba ya Festo, kubwa, akaja kwangu na mfuko mmoja. Majirani niliwaambia ni Muha kama sisi, wa Heru Juu, kule Kasulu. Walikubali. Mimi ni mwalimu, watu huniamini.

Ijumaa, 9 Agosti
Familia ya kule bondeni imeondoka alfajiri, kwa miguu. Mbuzi wao wameuzwa kwa bei ya kuku. Mama Rehema, jirani yangu, amenunua kitanda chao. Kaniita nikione. Kitanda kizuri, mbao za mninga. Nimekisifia. Nimejichukia.

Shuleni mwalimu mwenzangu wa Tanga anasema sheria ni sheria. Niliendelea kusahihisha madaftari. Nimemkosesha mtoto mmoja jibu ambalo lilikuwa sahihi.

Jumapili, 11 Agosti
Shemeji Yoramu, kaka wa marehemu mume wangu, amekuja na neno. Kosa letu, kasema, ni kwamba Esperansi hajatolewa mahari. Mwanamke asiyetolewa mahari ni mgeni nyumbani kwa watu, na mtoto wake ni wa ukoo wa mama. Tukitoa mbele ya mashahidi, anakuwa mtu wetu. Nani atamchukua mke wa mtu? Baba yake yuko ng'ambo ya mpaka, basi nafasi yake atasimama Mzee Gervas, Mrundi aliyeingia hapa zamani, hata watoto hawajui kama ni mgeni.

Nimeuliza serikali inajua nini kuhusu mahari. Yoramu kanitazama kama mtoto aliyekosea hesabu. Kasema kijiji kinajua, na serikali ikifika huuliza kijiji. Festo anataka. Nimekubali.

Jumamosi, 17 Agosti
Ndizi za pombe zimefukiwa ziive. Majembe mapya ya mahari yameletwa kutoka Kibondo mjini, na kitenge cha mama yake Esperansi. Esperansi anaimba akitwanga. Sijawahi kumsikia akiimba.

Nilitaka Mzee Gervas aseme binti ni wa Heru Juu, mambo yaishe. Yoramu kakataa kabisa. Mahari ya uongo haimfungi mtu, lazima baba atajwe na kilima alikozaliwa kitajwe. Nikamgeukia Esperansi, nikijua ataogopa, ataniunga mkono.

"Mama, baba yangu yu hai," kasema. "Nikitolewa kwa jina la mwingine, nitakuwa nimemzika."

Nikaacha kubishana. Wanaoalikwa ni majirani tu. Watu wa kuazimana chumvi na moto.

Jumamosi, 24 Agosti
Imefanyika. Pombe iliiva vizuri, Mungu anisamehe, hata mimi nimeonja. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mbele, mrija wa pombe mdomoni. Mzee Gervas alipokea majembe, akayagonganisha watu wasikie chuma kizima. Kisha akataja baba wa Esperansi. Akataja babu. Akataja kilima, na mto unaopita chini yake, na kwamba vyote viko Burundi. Alisema vizuri, taratibu, kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuvitaja.

Mama Rehema aliachia mrija. Alinitazama mimi, si Esperansi. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu vigelegele vikapigwa, naye pia akapiga. Esperansi alilia kwa furaha mbele ya watu wote hao.

Alhamisi, 29 Agosti
Mama Rehema hakuja kuomba moto. Jana pia hakuja. Nilimwamkia njiani, akaitikia akiangalia ndoo yake.

Kumuacha Esperansi nyumbani peke yake naogopa. Kumwambia akajifiche naogopa zaidi, maana nimfiche wapi wakati tumeshamtangaza?

Jumanne, 3 Septemba
Nimekwenda kwa mwenyekiti kuomba barua ya kumtambulisha Esperansi kuwa ni mkazi wa hapa, Mtanzania. Alinipa kiti.

"Mwalimu, pombe nilikunywa na mzee nilimsikia. Sasa niandike nini?"

Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumzika. Festo naye alikwenda ofisi ya uhamiaji Kibondo. Wametaka cheti cha ndoa, kibali, ada yake. Alipotaja mahari, walicheka.

Jumatano, 11 Septemba
Mtihani wa darasa la saba. Nilipangiwa kusimamia shule ya mbali. Nimerudi jioni, uwanja mtupu, mchi umelala chini na muhogo umo kinuni. Wamemchukua.

Festo yuko Kasulu kuuza maharage, simu yake imezimika. Neema nimemkuta kwa Yoramu, amelia mpaka sauti imekauka. Yoramu mwenyewe ndiye aliyemfungua mgongoni mwa mama yake. Aliwaambia askari mtoto ni wetu, mahari imetolewa, kijiji kizima ni shahidi. Wakamwachia. Ananieleza hayo kwa fahari. Mahari imefanya kazi hapo tu.

Neema anakataa uji. Anakataa maziwa ya mbuzi. Ananitafuta kifuani, hapati kitu.

Alhamisi, 12 Septemba
Mtihani siku ya pili, sikwenda. Watanifanya watakavyo. Nimembeba Neema, nikapanda bodaboda mpaka Kibondo. Yoramu alisimama njiani, akasema nikimtoa mtoto huyu nimeuza damu ya marehemu kaka yake. Nikampita.

Waliokamatwa wamewekwa uwanjani, wamezungushiwa kamba. Askari mmoja alikubali kumwita. Blauzi ya Esperansi ilikuwa imelowa maziwa. Nia yangu ilikuwa anyonyeshe, kisha nirudi na mtoto. Nilijiambia hivyo njia nzima. Neema kanyonya mpaka kalala. Esperansi hakuniomba chochote. Alimfuta mdomo, akaninyooshea mtoto, kwa mikono miwili, kama inavyopasa kwa mkwe. Maana ametolewa mahari, na adabu anazijua kuliko sisi.

"Kaa naye," nikasema.

Nimempa kanga niliyojifunga. Lori lao linapita Kasulu kwenda Manyovu, huko ndiko wanakovushwa kuingia Burundi. Sikusubiri liondoke.

Jumapili, 15 Septemba
Festo alirudi Ijumaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama mtoto alikuwa na sweta. Hakuwa nalo. Sikukumbuka.

Ameondoka jana kwenda Manyovu. Sikwenda ibadani. Mama Rehema kaja mlangoni, kalia, kasema si yeye aliyesema. Huenda kweli. Walikuwa wengi wenye mirija siku ile. Nimemwacha asimame nje.

Jumamosi, 28 Septemba
Hakuna habari. Simu ya Festo haipatikani. Shuleni nimeandikiwa barua ya onyo. Nimeisaini.

Sina hamu ya kupika kwa ajili ya mtu mmoja.

Jumapili, 6 Oktoba
Mzee Gervas ameambiwa naye aondoke. Uzee wote ule. Amekuja na majembe begani, yote, na kitenge kimekunjwa vilevile. Kasema alikuwa anamtunzia baba wa Esperansi, si mali yake, na mpakani atanyang'anywa. Hawezi kwenda na deni la mtu mwingine.

Nimemsihi asiyaache. Kwetu mahari ikirudi, ndoa imevunjika. Anajua hilo kuliko mimi. Aliyaegemeza ukutani nje, hakuyaingiza ndani, hiyo ndiyo huruma aliyoweza kunipa. Kitenge alikiweka juu yake. Kisha akashika njia na fimbo yake.

Jumatano, 16 Oktoba
Mvua ya kwanza. Nimepanda maharage, hata kile kipande cha Esperansi kando ya migomba. Nimelima kwa jembe langu la zamani, mpini umelegea, mikono imechubuka.

Yoramu kapita. Kasema majembe yale yanapata kutu, niyaingize ndani. Nikiyaingiza, nimeyapokea. Kitenge tu nimekifunika kwa nailoni.

Jioni Mama Rehema alisimama uani, akayatazama. Akauliza kwa sauti ndogo kama nayauza. Nimemwambia yana mwenyewe.