Usichomoe Balbu

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Bilele hatujambo. Bibi yako amekuwekea senene wa kukaanga. Unauliza kama uchomoe balbu ya taa ya ABS, ile ya kuonya kwamba breki za kuzuia kuteleza zina hitilafu, maana umebadilisha sensa ya gurudumu na bado inawaka. Usithubutu!

Enzi zangu za ufundi nilichoka kutafuta chanzo cha taa kama hiyo, nikachomoa balbu kwenye gari la mkulima wa Rubya. Akashukuru, akaondoka. Mvua ikaanza, nikawaza atakavyofunga breki kwenye utelezi bila kujua kuwa ABS haifanyi kazi. Nikamfuata kwa pikipiki, nikamkuta Muleba.

“Si umeshatengeneza, fundi?”

“Hapana mzee, nimeficha tu.”

Tukainua gari. Nikapapasa waya wa sensa kidogo kidogo, nikakuta umekatikia ndani ya ganda, pale unapopinda gari likikata kona. Nikauunga, nikarudisha balbu. Alipowasha gari, taa iliwaka, kisha ikazimika yenyewe, kama inavyofanya mfumo ukiwa mzima.

Babu yako