Dawa za Mswaki za Maalim Talal

Jumamosi, 13 Januari 2024

Talal kaitema tena dawa ya mswaki asubuhi. "Inachoma! Siku hizi wanatia nini humu, pilipili?" Ni dawa ile ile tunayotumia tangu tuoane, inauzwa kila duka hapa Kikwajuni. Mimi nshapiga mswaki, binti yetu Khawla keshapiga, hatujasikia kitu. Nlipomwambia, akasema basi midomo yenu ya chuma.

Akanywa chai iliyopoa. Talal! Mtu ambaye chai isipotoa moshi anairudisha jikoni.

Jumatano, 17 Januari

Nassra anayesafisha vyumba pale hotelini kaja kwangu mapokezi na kimfuko. Dawa za mswaki walizoacha wageni. Nlimhadithia jana habari za Talal, kumbe kazitia moyoni. Kachagua ambazo hazijafunguliwa. Moja ya mkaa, nyeusi ti. Moja ya chumvi ya bahari. Moja ya vidonge — unatafuna kidonge kwanza, ndiyo unapiga mswaki. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Nassra anasema hata Wazungu wengine wanazikimbia zile za kawaida, ati povu lake linawababua midomo. Kwa hivyo mpelekee Maalim, si yeye peke yake.

Nimefurahi kusikia si yeye peke yake.

Nyumbani Talal akazigeuzageuza. Kwanza ajue zimetiwa nini, asije akatia mafuta ya nguruwe kinywani kisha aende chuoni akasomeshe Kurani. Khawla akakaa na simu yake akatafuta neno moja moja, kama yumo kwenye mtihani. Ya mkaa ikapita. Vidonge vikapita. Ya chumvi imeandikwa lugha ambayo hakuna anayeijua nyumba hii, Talal akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

Jumatatu, 22 Januari

Ya mkaa alianza nayo vizuri. Sinki lote jeusi, taulo jeusi, mwenyewe anatucheka kwenye kioo na meno kama ya mtu aliyekula makaa. Khawla kacheka mpaka kakaa chini. Siku mbili tatu akasema afadhali, hii ndiyo.

Leo kaiacha. Inachoma nayo.

Vidonge anasema ni sawa na kutafuna chaki ya skuli. Nampa haki yake — nlikionja kimoja.

Ijumaa, 2 Februari

Nimezunguka mji mzima nikitoka kazini. Darajani nimepata unga wa karafuu, muuzaji kaniapia kwamba bibi yake kafa na meno yote. Duka moja Shangani, la vitu vya asili, kijana kanipa dawa ya mafuta ya nazi isiyo na povu wala mnanaa, ya watoto hasa. Nikaichukua. Dawa ya watoto kwa Maalim Talal! Harufu yake kama kashata.

Jioni akaijaribu. Kapiga mswaki taratibu, kashika sinki kwa mkono mmoja.

Lakini hiki ndicho kilichonifanya niandike. Mswaki wake wa mti haumo mfukoni. Nimefua kanzu yake leo, mfuko mtupu. Tangu namjua Talal hatoki bila ya mswaki wa mti, kabla ya kila sala. Nikamuuliza. "Unanichoma." Kasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Mswaki wa mti hauna dawa ndani. Ni mti.

Jumanne, 6 Februari

Mvua kubwa, hakuweza kwenda msikitini, akatusalisha maghribi hapa nyumbani, mimi na Khawla nyuma yake. Alhamdu yake naijua kama ninavyoujua mlango wangu. Alipofika mwisho, waladh-dhwaalliin, ile herufi ya dhwadi haikutoka. Ilitoka kitu chengine, laini, kama mtu aliyeshika tende mdomoni. Akasita. Akairudia. Ikatoka vile vile.

Tuliitikia amin. Khawla alinitazama sijdani — najua alinitazama kwa sababu na mimi nlimtazama.

Talal amesomesha tajwidi, matamshi ya Kurani, tangu hajaota ndevu. Watoto wa Kikwajuni nusu yao wamepigwa kalamu vidoleni kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Baada ya sala nikasema, Baba Khawla, fungua mdomo nikuone. Akasema ni kipele tu, kimekaa ubavuni mwa ulimi, kinakwaruzwa na gego. Nione. Akainuka akaenda kufunga madirisha ambayo yalikuwa yameshafungwa.

Jumapili, 11 Februari

Uroa, kwa wifi Rahila. Wazo langu hili, na nlidhani ni wazo zuri. Rahila na wenzake wanalima mwani, na siku hizi wanatengeneza sabuni zake, na tangu mwaka jana dawa ya mswaki pia, ya mwani na mafuta ya nazi na karafuu kidogo. Wageni wanaifuata mpaka nyumbani kwake. Nikasema, dawa iliyotengenezwa na dada yake mtu, kila kilichomo anakijua — ikiwa na hii itamchoma, basi.

Hata sentensi ile sikuimaliza kichwani mwangu. Basi nini?

Tulimkuta uani anatwanga mwani mkavu kwenye kinu. Talal akaamkia, shikamoo dada, akaitikia marahaba bila ya kuacha mtwangio. Kisha akaacha. "Mbona unasema hivyo?"

"Nasemaje?"

"Kama umeumwa na nyuki."

Nikamweleza mimi, habari zote, ya mkaa, ya vidonge, ya watoto. Nlieleza kwa kuchekesha. Rahila hakucheka. Akanawa mikono, akaifuta kwa kanga, akamwambia Talal kaa hapa penye jua. Na Talal — huyu huyu aliyekwenda kufunga madirisha! — akakaa. Dada mkubwa ni dada mkubwa.

"Fungua. Toa ulimi. Uelekeze huku."

Nlikuwa nimesimama nyuma ya Rahila. Nimeona. Kidonda, si kipele. Ubavu wa kushoto, kingo zake zimeinuka, katikati peupe na pekundu. Rahila akakigusa kwa kidole chenye kitambaa na Talal akamshika mkono kwa nguvu.

"Kina muda gani?"

Talal akasema tangu mfunguo sita, saba, miezi minne mitano sasa, hakumbuki. Mimi nlidhani ni mwezi huu tu!

Kopo la dawa yake lilikuwa limeshafunikwa kwa ajili yetu, liko juu ya meza. Nikalinyooshea mkono. Rahila akalichukua akalirudisha kwenye rafu.

"Hii simpi."

"Wifi, tumetoka mjini—"

"Simpi, Ulfat. Nikimpa ataitia, ikimchoma mtatafuta nyengine, na nyengine. Hiki si kidonda cha dawa ya mswaki. Kesho mpeleke hospitali. Usipompeleka wewe nakuja mimi."

Talal akasema dada yangu mimi siku hizi amekuwa daktari. Rahila akamjibu hapana, mimi nauza sabuni, ndiyo maana nakwambia nenda kwa daktari. Kisha akageuka akaendelea kutwanga, mwani ambao ulikwisha kuwa unga.

Tulirudi mjini. Rahila katufungia samaki wa kukaanga, Talal hakumgusa.

Alkhamis, 15 Februari

Hospitali, mwishowe; siku tatu Talal kanizungusha. Daktari kijana, mpole, anamwita Maalim. Kamtia taa mdomoni, kampapasa shingo, huku na huku, kisha huku tena. Upande wa kushoto alirudi mara nyingi.

Talal kamuuliza, je, inawezekana ni dawa hizi za mswaki? Kampangia zote, moja moja, kwa utaratibu, kama anataja nasaba. Daktari kamsikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo. Akasema, "Dawa zote hizo hazina kosa, Maalim. Zilikuwa zinapita juu ya kidonda, basi."

Wamekata kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Tusubiri.

Talal ana uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Nadhani najua ni nini. Madhali kulikuwa na dawa nyengine ya kujaribu, kulikuwa na kesho.

Jumanne, 27 Februari

Majibu. Saratani ya ulimi.

Daktari kasema aende Dar es Salaam haraka, akatwe mapema, bado kuna nafasi nzuri. Kasema nzuri. Nlimuomba alirudie neno hilo na akalirudia.

Talal katoka hospitali kaenda moja kwa moja chuoni kusomesha. Nimesimama njiani nje ya ukuta. Hakuwa anasoma. Alikuwa anawasikiliza watoto tu, na akigonga ubao kwa kidole palipokosewa.

Jumapili, 3 Machi

Hataki.

Kakataa kwa upole, na upole wake ndio mgumu kuliko ukali. Kaniketisha barazani, kafungua mdomo mwenyewe safari hii, kaniwekea kidole changu kwenye ubavu wa ulimi wake, nyuma, pale pale. "Dhwadi inazaliwa hapa," kasema. "Ubavu huu ukigusa magego ya juu. Haina pahala pengine. Na hapa ndipo wanapotaka kukata."

Nikamwambia watu wangapi hawaijui dhwadi na wanasali.

"Wao hawakupewa. Mimi nimepewa."

Nikakasirika. Wallahi nimekasirika, nikaingia bafuni nikazikusanya zile dawa zote, ya mkaa, ya nazi ya watoto, vidonge, karafuu, nikazitia kwenye ndoo ya taka. Khawla kasimama mlangoni. Akaniuliza, mama, baba atakufa? Nikaanza kusugua ule weusi wa mkaa kwenye sinki. Akachukua kitambaa chengine akanisaidia kusugua.

Rahila kapiga simu. Sijui alimwambia nini, kaongea na ndugu yake peke yao muda mrefu, Talal anaitikia tu, naam dada, naam.

Jumatano, 6 Machi

Leo Anuar, mwalimu mwenzake, kaja baada ya alasiri. Wamekaa sebuleni. Nlipoingia na kahawa nikamsikia Talal anamwambia, tarawehe za mwaka huu utasalisha wewe, usikimbize, wazee wa nyuma wanachoka. Anuar kainamisha kichwa.

Nikaweka trei chini, nikarudi jikoni, nikalia ndani ya upindo wa kanga. Kwa sababu mtu asiyetaka kwenda hampi mtu mihrabu yake, pahala pake pa imamu.

Hajaniambia kitu. Lakini baadaye kauliza boti ya Jumamosi inaondoka saa ngapi.

Jumatatu, 11 Machi. Dar es Salaam

Naandika kwenye benchi, ukumbi wa hospitali. Tumelala kwa mama mdogo Ruqaya, Ilala. Khawla yuko Uroa kwa shangazi yake. Askari wa mlangoni anamwuliza kila apitaye kama mwezi utaonekana leo. Kesho huenda tukafunga. Talal hatafunga. Sijawahi kuona Ramadhani ambayo Talal hafungi.

Daktari hapa ni mwanamke, mtu mzima. Kachora ulimi kwenye karatasi akautia mstari. Watakata sehemu ya kushoto, watoe na matezi ya shingoni. Kisha atafundishwa kusema upya. Kasema kwa mazoezi watu watamwelewa.

"Kuelewa," Talal karudia. Kisha kamuuliza, na kusoma? Kusoma Kurani, kila herufi pahala pake?

Daktari kaweka kalamu chini. "Siwezi kukuahidi hilo, Maalim. Nakuahidi nitakata kidogo kadiri ya uwezo wangu."

Akasema tusubiri nje, nesi atatuletea karatasi ya ridhaa. Tukabaki hapa.

Talal akaniuliza, "Wewe unataka nini, Ulfat?"

Hajapata kuniuliza hivyo. Si kwa ubaya. Ni kwamba nyumbani kwetu mambo yalikuwa yanakwenda tu. Nikasema nataka urudi nyumbani.

"Hata nikirudi siwezi kusoma?"

Hata hivyo.

"Nitakuwa nani?"

Nikafikiri maneno makubwa, ya subira, ya mitihani ya Mola, anayowaambia yeye watu wa misibani. Hayakuja. Nikasema, utakuwa mume wangu, na utakuwa unanirudishia chai ikipoa.

Akacheka! Kucheka kunamuuma siku hizi, akajishika shavu, machozi yakamtoka, na mama mmoja wa benchi la mbele akageuka kutuangalia. Talal hakujali. Akaendelea kucheka na kulia, vyote pamoja, sikuweza kutenganisha.

Kisha akajifuta uso. Anatazama mikono yake.

Nesi huyo anakuja na karatasi. Keshamwita jina, Talal keshaitika, keshasimama. Mlango wa daktari uko kulia, wa kutokea uko kushoto, na yeye kasimama katikati, bado hajapiga hatua. Sasa kageuka kwangu. Kanyoosha mkono — hapa, mbele za watu wote, Talal ambaye hata njiani hutangulia — kanishika mkono wa kuandikia, ananivuta kulia, na hau—