Koti Lisilo na Damu

3 Machi

Mama, mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mafua yamekuachia? Sisi huku wazima, ila presha ya mama yako imepanda tena, na safari hii sababu ni mimi.

Jumamosi jioni nilipokuwa nafunga kiwanda, nilimkuta mtu ndani ya stoo ya mbao. Yule fundi wa randa niliyemfukuza mwezi wa kwanza, unamkumbuka, yule mwenye mdomo. Alikuja kuiba. Akanirukia, tukakabana, bastola ikalia. Alikufa pale pale. Sasa ningefanyaje? Mtaa mzima unanipa mkono, wanasema nimewapunguzia kero.

Polisi wamechukua bastola yangu na shati la marehemu, wamevipeleka huko kwenu maabara. Nikacheka peke yangu: kumbe anayepima risasi ni binti yangu! Leseni ninayo, sijavunja sheria yoyote. Wewe andika tu kwamba tulikuwa tumekabana, mambo yaishe, mama yako apate usingizi.

Baba yako

8 Machi

Baba, shikamoo.

Mafua yameisha, asante. Mpe Mama pole, mwambie asiache dawa.

Barua yako niliisoma kazini, nikaikunja, nikaenda kunawa mikono. Jalada lako siligusi. Nilimwambia mkuu wangu siku ile ile kwamba mtuhumiwa ni baba yangu, akampa mwenzangu. Chumba chenye vitu vyako siingii.

Yaani Baba! Umeandika habari za mtu kana kwamba umeua panya. Yule alikula mezani kwetu siku mlipofunga mashine mpya, akamsaidia Mama kubeba sufuria. Umenichefua kweli.

Sasa nisikilize, na haya si siri, yamo vitabuni. Bastola ikilia ikiwa imegusa mwili, moto unaunguza na masizi yanabaki kuzunguka tundu. Ikiwa kwenye umbali wa mkono, chembe za baruti zinamchoma mtu vidoadoa. Akipigwa kwa mbali, utakuta tundu tu, hakuna masizi wala vidoa. Mwenzangu atafyatua bastola yako hiyo hiyo kwenye kitambaa, kwa umbali tofauti, alinganishe na shati. Na usidhani nguo inaficha: aliyevaa koti, masizi hubaki kwenye koti badala ya shati, lakini lazima yabaki.

Leseni ni ya kukaa na silaha, Baba, haikuruhusu kuua. Sheria inakutetea pale uhai wako unapokuwa hatarini. Mtu anayekimbia hahatarishi uhai wako. Kama alikuwa anakimbia, nenda ukaseme leo, useme uliingiwa na hofu, watakusikiliza. Nakuomba sana, usimwongezee marehemu uongo.

Mwanao

21 Machi

Mama,

Salamu nyingi. Presha ya mama yako imeshuka, ameanza hata kunigombeza. Nami ni mzima.

Usiniandikie kama hakimu, mimi ndiye niliyekulea. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kusema kweli nimejivunia. Umesoma, mwanangu.

Sasa sikia. Juzi tulipokuwa tunapanga mbao, koti la marehemu limeonekana. Lilidondoka nyuma ya rundo, polisi wakapita pale pale wasilione, si unawajua walivyo wavivu. Lazima lilimvuka tulipokuwa tunavutana. Lina tundu kifuani, limeungua, jeusi kama sufuria ya kuni. Nimelipeleka kituoni mwenyewe. Ndiyo maana shati halikuwa na kitu! Mwambie mwenzako alipime vizuri.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea. Afya yako sikuulizi.

Nani alikwambia shati halina kitu? Siku unaandika, ripoti ilikuwa haijatoka. Mimi mwenyewe nilikuwa siijui. Ulijua wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama mbali ukampiga.

Sasa imetoka. Risasi iliingia mgongoni, chini ya bega, tundu dogo lisilo na masizi. Lile kubwa la kifuani uliloliona wewe ndipo ilipotokezea. Koti ulilopeleka lina tundu kifuani peke yake. Mgongo wa koti ni mzima, na halina hata tone la damu. Mtu avuje damu hadi afe, koti libaki kavu? Ptuu!

Na bastola yako iko kabatini polisi tangu ulipompiga. Basi koti ulilipiga na nini? Kuna silaha nyingine mle ndani, haina leseni, labda iko chini ya kitanda anacholalia Mama.

Nakuonea kinyaa, Baba. Na nafsi yangu naionea kinyaa, maana habari ya koti nilikufundisha mimi.

Jana nilikuwa kituoni, nasubiri kuandikisha maelezo. Wakamleta mama mzazi wa fundi alitambue koti. Akasema, "Ndilo. Lilibaki kwenye msumari kiwandani alipofukuzwa. Jumamosi ile aliniaga anakwenda kulifuata." Halafu akaingiza kidole kwenye tundu, akamuuliza askari, "Na hili limetoka wapi? Lilikuwa zima." Askari akanitazama. Nikainamisha kichwa.

Nilipoitwa, nilimpa mpelelezi barua zako zote mbili, na nikamweleza yangu neno kwa neno. Nimesimamishwa kazi, na ni haki yao. Jumatatu saa tatu kesi yako inaanza, nami nitasimama mahakamani kama shahidi wa upande wa mashtaka. Mama nimemwita aje akae kwangu, amekubali.

Usinijibu. Ukinijibu, hiyo nayo nitampelekea mpelelezi, hata ikiwa ya salamu tupu.

Mwanao