Jibu la Rubani

Same, 9 Machi 1943

Mjomba Eliezeri,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Maharage yamefika, mama anashukuru. Mvua huku chini bado.

Jana alikuja Bomani rubani Mwingereza mwenye nishani, kuhimiza vijana waingie jeshini. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Alisimulia kwamba vitani ndege yake iliwaka moto angani. Akaishusha jangwani, akarudi ndani ya moto kumtoa mwenzake. Mzee mmoja akamwuliza kama aliogopa. Akajibu, "Niliogopa hata nikalia. Mpaka leo naogopa."

Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali hapa Bomani anayejua Kiswahili, akanikazia macho. Nikatafsiri, "Hakuogopa kitu."

Vijana wakashangilia. Mwanao Nathanaeli akajiandikisha papo hapo. Jioni nilimweleza ukweli, akacheka.

"Kaka, wewe unaogopa hata beberu la mbuzi. Usimpake rubani woga wako."

Garimoshi lao linaondoka Ijumaa. Tafadhali shuka kabla ya siku hiyo, umwambie wewe alivyojibu rubani. Uongo niliusema mbele ya umati, na ukweli nimemwambia yeye peke yake. Hadharani sithubutu.

Ukiisha kuisoma barua hii, ichome.

Mpwa wako,
Naftali